Ushauri: nataka kuhamisha oda za ushonaji kutoka daftarini kwenda kwenye programu ya orodha ya kazi, nianzeje?

UziNaSindano_Tga
Wakuu, habari za majukumu. Ofisi yetu ya ushonaji iko Tanga, mafundi tuko watatu. Oda nyingine ziko daftarini, nyingine zimezama WhatsApp katikati ya picha za mitindo. Nataka kila fundi akifungua simu asubuhi aone kazi za siku hiyo, na mmoja akimaliza kitu wenzake waone kimekwisha. Simu ni Tecno mbili na Samsung moja, mezani kuna kompyuta ya Windows. Kulipia kila mwezi kwa sasa hatuwezi. Programu ipi inafaa, orodha zipangweje, na nifanye nini ili vikumbusho vilie kwa wakati wake?

KadaWaPwani
Kwa mahitaji hayo chukua Microsoft To Do. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows na kwenye kivinjari, na orodha moja inaweza kutumiwa na watu kadhaa. Ukikutana na makala ya zamani yanayosifia programu ya Wunderlist, yapite: Microsoft waliinunua mwaka 2015 na kuifunga Mei 2020, na To Do ndiyo iliyochukua nafasi yake. Google Tasks ni nyepesi na imeungana na Gmail na Kalenda, lakini orodha zake za kawaida huwezi kuzitumia pamoja na mtu mwingine, na hitaji lako la kwanza ndilo hilo. Todoist ni nzuri sana, ila mpango wa bure una miradi 5 tu.

Kila fundi afungue akaunti yake ya Microsoft. Anwani ya Gmail aliyonayo inatosha kujisajili. Wewe tengeneza orodha, bonyeza alama ya mtu yenye jumlisha pale juu, tengeneza kiungo cha mwaliko, mtumie kila mmoja faraghani. Wakishaingia wote, rudi palepale uzuie wapya kujiunga, maana yeyote atakayekipata kiungo hicho anaweza kuingia na kuona kila kitu. Ndiyo sababu kisiwekwe kwenye grupu.

Usijaribu akaunti moja kwenye simu zote tatu. Hutaweza kumgawia mtu kazi, na fundi akiondoka itabidi ubadilishe nywila badala ya kumtoa kwenye orodha tu. Kila mmoja akiwa na akaunti yake, unaandika alama ya @ ndani ya kazi, unachagua jina, imekwisha.

BiSalma_Znz
Aliyosema Kada ni sawa, nami nagusa mpangilio, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huiacha programu baada ya wiki chache.

Anza na orodha tatu tu. Ya kwanza iite Oda, ya pili Manunuzi, hizi mshirikiane. Ya tatu ni ile ya Tasks inayokuja na programu yenyewe, iache iwe kapu lako la kutupia kila linalokujia kichwani, kisha jioni unalipanga. Usifungue orodha kwa kila mteja. Ukifika wateja ishirini utakuwa unafungua orodha moja moja kutafuta kazi ya leo, na daftari litarudi mezani.

Kila oda iwe kazi moja, na jina lake lianze na kile utakachokitafuta: "Gauni la bluu, mteja wa Chumbageni, Ijumaa". Ndani yake weka hatua: kitambaa kimepokelewa, vipimo, kukata, kushona, ovaloki, kujaribu, kumalizia, pasi. Sasa hapa pana mtego. Kwenye To Do, hatua za ndani hazina tarehe zake. Tarehe inayokaa ni ile ya kazi kubwa, nawe utaweka siku ya kukabidhi. Matokeo yake programu inakaa kimya wiki nzima, halafu siku ya kukabidhi inakuambia kuna gauni, ilhali kitambaa hakijakatwa. Kwa hiyo zile hatua mbili zinazoamua oda nzima, yaani kukata na mteja kuja kujaribu, zitoe nje ziwe kazi zinazojitegemea, kila moja na tarehe yake. Oda ya kukabidhi Ijumaa iwe na "Kata gauni la bluu" Jumatatu na "Mteja wa gauni la bluu ajaribu" Jumatano. Zilizobaki ziache ndani kama hatua. Mtu akishakata na mteja akishajaribu, pasi haisahauliki.

Jingine: tarehe iwekwe penye ahadi tu. Ukiipa tarehe "tafuta mitindo mipya ya madera", kesho itageuka nyekundu bila mtu kuumia, keshokutwa zitakuwa nyekundu tano, na jicho likishazoea wekundu halitaona ile nyekundu ya mteja wa kweli.

Kwenye Manunuzi tumia alama ya reli. Ukiandika "Zipu nyeusi inchi 8, dazeni 1 #sokoni", ile #sokoni inabonyezeka, na ukiibonyeza inakuletea kila kilichoandikwa hivyo, hata kilichojificha kwenye orodha ya Oda. Taja rangi, urefu na idadi. "Nunua zipu" peke yake itamrudisha fundi dukani mara ya pili.

fundisimu255
Vikumbusho: tatizo mara nyingi si programu, ni simu. Tecno na Infinix hubana sana programu zinazofanya kazi kwa nyuma ili kulinda betri, na Samsung nayo hulaza programu ambazo hazijafunguliwa siku kadhaa.

Kwanza, kuanzia Android 13 programu mpya lazima iombe ruhusa ya kutuma arifa. Mtu akibonyeza kukataa siku ya kwanza kwa haraka, haitalia kamwe. Ingia Mipangilio, Programu, chagua To Do, kisha Arifa, washa. Pili, kwenye ukurasa huohuo fungua sehemu ya Betri, uiondolee programu vizuizi vyote. Tatu, simu za Android 12 kwenda juu zina ruhusa ya pekee ya kengele na vikumbusho, ndiyo inayoiwezesha programu kulia kwa dakika kamili. Ukiikuta kwenye orodha ya ruhusa, iwashe. Nne, kwa Tecno fungua Phone Master, ile programu ya kutunza simu inayokuja nayo, tafuta sehemu ya kuruhusu programu zijiwashe zenyewe, iruhusu To Do. Bila hivyo, simu ikizimwa na kuwashwa, vikumbusho vinaweza kunyamaza hadi mtu aifungue programu kwa mkono.

Jaribio la dakika mbili halikuambii kitu, kwa sababu simu bado iko macho. Weka kikumbusho cha kesho asubuhi, ilaze simu usiku kucha bila chaja, usiiguse. Ikilia kwa wakati, umefaulu. Ikichelewa na kulia pale tu ulipowasha kioo, rudi kwenye betri, ndipo palipobana.

Na kitu kimoja mafundi wasifanye: kwenda kwenye Mipangilio na kuisimamisha programu kwa nguvu. Hiyo inafuta kengele zote zilizopangwa hadi ifunguliwe tena.

MpangajiNax
Mimi nitapinga kidogo. Kwa oda, To Do iko sawa. Lakini kwa kazi zinazojirudia Todoist iko mbele, na miradi 5 inatosha kabisa kwa mambo ya mwenye ofisi binafsi. Ina kitu ambacho watu hawakijui. Ukiandika "every 2 weeks", inahesabu kutoka tarehe iliyopangwa. Ukiandika "every! 2 weeks", na ile alama ya mshangao, inahesabu kutoka siku uliyoweka tiki. Kodi ya chumba ni ya aina ya kwanza, mwenye nyumba hasogezi tarehe kwa sababu ulichelewa. Kupaka cherehani mafuta ni ya pili: kama ulichelewa siku nne, zamu inayofuata ihesabiwe kutoka siku uliyopaka.

To Do haina tofauti hiyo, na kazi inayojirudia haizai nyingine mpaka uiwekee tiki ya kwanza. Ukiisahau inabaki moja tu, imechelewa. Kwa wengine huo ni unafuu, hawarundikiwi.

Onyo: Todoist inasoma tarehe kwa lugha kadhaa lakini Kiswahili hakimo. Ukiandika "kesho" itabaki kuwa neno tu ndani ya jina la kazi, na kazi haitakuwa na tarehe. Ama uandike "tomorrow", ama ubonyeze kalenda.

UziNaSindano_Tga
Shukrani sana wote. Nimebakiwa na mawili. Daftarini kuna oda kama arobaini, je niziingize zote kwanza? Na saa: tunaahidi wateja "saa tatu asubuhi", "saa kumi", simu inaonyesha namba nyingine. Mafundi wataelewana vipi?

BiSalma_Znz
Usiingize zote. Zilizokwishakabidhiwa zibaki daftarini. Ingiza zile za kukabidhiwa ndani ya siku 14 zijazo, na kila oda mpya kuanzia leo iingie hapohapo mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Zilizobaki utaziingiza tarehe zake zikikaribia. Vipimo viendelee kukaa daftarini kwa sasa, na kwenye maelezo ya kazi andika namba ya ukurasa tu: "Daftari 3, uk. 41". Kuhamisha lundo la vipimo kwa siku moja ndiyo kazi inayochosha watu, na tarakimu moja ikikosewa kitambaa kimekwenda.

KadaWaPwani
Kuhusu saa, badilisha simu zote tatu ziwe za saa 24: Mipangilio, kisha Tarehe na saa. Halafu kanuni ni rahisi. Mchana ongeza 6: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa kumi jioni ni 16:00. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku ongeza 18: saa mbili usiku ni 20:00. Hatari ya simu ya saa 12 ni kwamba mtu anasikia saa tatu, anachagua 3:00, na kengele inalia saa tisa usiku au saa tisa alasiri. Kwenye saa 24, namba 03:00 inajionyesha yenyewe kuwa ni usiku wa manane.

Angalieni na siku pia. Mzee wa pwani akikuambia "usiku wa Ijumaa", mara nyingi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani kwenye kalenda ya simu ni Alhamisi. Kanzu ya mtu huyo iandikwe Alhamisi, na umuulize kabla hajatoka mlangoni.

fundisimu255
Nyongeza hapo: ukurasa wa My Day, ule wa To Do wa kazi ulizochagua kwa siku hiyo, hujifuta kila siku saa sita usiku, 00:00. Kazi hazipotei, zinabaki kwenye orodha zake, ila ukurasa wenyewe unakuwa mtupu. Asubuhi bonyeza alama ya balbu, itakuletea mapendekezo pamoja na yaliyobaki jana, unachagua. Ukurasa huo ni wa kila mtu peke yake, wenzako hawauoni, kwa hiyo mambo ya kugawana myaangalie kwenye Oda iliyopangwa kwa tarehe.

UziNaSindano_Tga
Nimewaelewa. Naanza na zile za siku 14, na Tecno zote mbili zinalala bila chaja leo.