Jina la nani likae juu ya faili?

Fundi_Kiraka: Wakuu, naomba mawazo. Mradi huria ninaochangia (programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) una mstari mmoja kichwani mwa kila faili: "Hakimiliki 2014", halafu jina la mwanzilishi. Faili mojawapo nimeliandika upya lote, hakuna hata nukta yake iliyobaki, lakini jina lake limekaa pale juu kama mwenye nyumba. Kuna pendekezo tufute, tuweke "Wachangiaji wa mradi" kila mahali. Mnaonaje?

Mkongwe: Usiguse. Leseni yetu ya MIT, inayoruhusu yeyote atumie msimbo, inataka tangazo la hakimiliki libaki kwenye nakala zote. Ukilifuta umevunja leseni, basi. Halafu kwa sheria ya Marekani, bila tangazo huna hakimiliki.

BintiMsimbo: Mzee wangu, hiyo ya mwisho umeitoa stoo. Marekani iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1989, na tangu hapo tangazo si sharti. Ukishaandika, ni chako. Ule mstari ni kibao cha "mbwa mkali": kikianguka, mbwa bado yumo uani. Ila la kutofuta nakuunga mkono. Fundi, ongeza wa pili chini yake, usifute wa kwanza.

NuktaMkato: Na wa tatu, na wa nne? Siku hizi mtu anasahihisha herufi mbili, anatafsiri menyu, naye anataka jina. Tutakuwa na faili lenye majina mistari 40 na msimbo mistari 10.

Mfasiri_Asiyelipwa: "Anatafsiri menyu." Haya. Kabla sijafika, kitufe cha kuhifadhi kiliandikwa "Okoa", kana kwamba faili limezama baharini. Dirisha la makosa lilisema "Kosa limefanikiwa". Miezi mitatu nimekaa na hayo madudu. Na huyo Berne mnayemtaja analinda tafsiri kama kazi asilia, soma kifungu cha 2.

NuktaMkato: Mbona unawaka, nani kakutaja? Programu inaendeshwa na msimbo, si kamusi.

Mfasiri_Asiyelipwa: Inaendeshwa na mtu anayesoma kitufe kabla ya kukibonyeza. Wewe mchango wako wa mwisho ulikuwa nini? Nimeangalia historia. Ulihamisha mabano.

NuktaMkato: Yale mabano yalikuwa yanaangusha programu nzima!!

Mkongwe: Zamani zetu tulituma viraka, yaani marekebisho ya msimbo, kwa barua pepe na hakuna aliyelilia jina.

BintiMsimbo: Mlilia sana tu, mzee, na kesi mlipelekeana. Kampuni ya SCO iliishtaki IBM mwaka 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux, ule mfumo endeshi huria. Mwaka uliofuata ndipo ikaanza kwenye Linux ile saini ya "Signed-off-by", kila mtu athibitishe kwamba ana haki ya kutoa anachokitoa. Na kule hakuna anayekabidhi umiliki, kila mchangiaji anabaki na chake. Ndiyo maana hakuna mtu mmoja wa kuamka asubuhi akabadilisha leseni ya Linux. Linganisha na Terraform, programu ya kampuni ya HashiCorp ya kusimamia seva: wachangiaji walisaini makubaliano yanayoipa kampuni ruhusa pana mno, Agosti 2023 leseni ikageuzwa isiwe huria tena, watu wakabaki wameshika mashavu hadi ikazaliwa OpenTofu, nakala yake iliyobaki huria. Mnagombea jina lililo juu, wakati la kuogopa ni karatasi mliyoisaini bila kuisoma.

Fundi_Kiraka: Sisi hatujasaini chochote. Na kama ni ushahidi, si historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, inatosha? Inaonyesha nani kaandika nini.

BintiMsimbo: Muulize Christoph Hellwig. Aliishtaki kampuni ya VMware mahakamani Hamburg, Ujerumani, akidai imetumia msimbo wake wa Linux kinyume cha leseni, akashindwa mwaka 2016 kwa sababu hakuonyesha vya kutosha ni sehemu zipi hasa ni zake. Rufaa nayo ikagonga mwamba mwaka 2019. Na huyo ni mtu ambaye msimbo wake umejaa ndani ya Linux.

Mkongwe: Sasa kama Git haitoshi na tangazo si lazima, jina linatusaidia nini?

BintiMsimbo: Linamwambia mgeni amtafute nani akitaka ruhusa. Na likiandikwa mtu mmoja tu, mgeni atadhani huyo peke yake anaweza kumruhusu. Siyo kweli.

Mfasiri_Asiyelipwa: Na watafsiri wamo kwenye hao "wachangiaji"? Nauliza tu.

NuktaMkato: Wamo, wamo. Ila "Batilisha" uliyoiweka mahali pa "Ghairi" imenifutia kazi ya siku nzima. Nilidhani inabatilisha mabadiliko ya mwisho.

Mfasiri_Asiyelipwa: "Ghairi" ni ya mtu aliyebadili nia. Pale mashine ndiyo inayositisha.

NuktaMkato: Basi andika "Sitisha"!

Fundi_Kiraka: Wakuu, nimeongeza mstari wa pili chini ya wake. Mwanzilishi mwenyewe kaibuka, kaupitisha ndani ya dakika kumi, hata salamu hakuacha.

Mfasiri_Asiyelipwa: "Sitisha" tayari iko kwenye muziki. Ukiirudia hapa, watu watadhani wanasimamisha wimbo.