Kambi za sanaa za wasioona na wenye ulemavu: zibaki zilivyo, au zivunjwe ili watoto wote waende pamoja?

Mleta mada:

Wakuu, naleta jambo ambalo naomba tulijadili bila kuoneana haya. Likizo ndefu ikikaribia, ubishi uleule unarudi. Wapo wanaotetea kambi maalumu za vijana wasioona na wenye ulemavu mwingine: kambi za muziki, maigizo, ufinyanzi, kuogelea. Wapo wanaosema huo ni utengano uliopakwa rangi, na kwamba fedha zake zipelekwe kwenye kambi za kawaida ili kila mtoto aende pamoja na wenzake. Fedha zenyewe huwa hazitoshi kufanya yote mawili.

Niseme nimesimama wapi. Sioni tangu utotoni. (Neno "kipofu" halinikeri. Anayependa "asiyeona" atumie hilo, tusimalize siku nzima hapo.) Nimepita kambi za aina zote mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mchanganyiko. Waandaaji walikuwa wema kupita kiasi, na wema huo ndio ulioniponza. Wenzangu walipochora, mimi nilipewa bonge la udongo nikae pembeni na msaidizi. Kwenye igizo nilipangiwa kuwa mti. Sitanii, mti. Usiku wa kufunga kambi niliimba ubeti mmoja, ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi, na mimi najua fika kwamba nilishatoka nje ya sauti tangu mstari wa pili.

Ya pili ilikuwa ya wasioona watupu, na walimu wengi hawakuona pia. Siku ya pili tu mwalimu wa sauti alinikatiza: "Umeshuka. Tena unavuta pumzi mahali ambapo neno halijaisha. Rudia." Nilirudia mara kumi na moja. Nililala nimenuna. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kilichotokea: kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa ameniambia kazi yangu ni mbovu kwa sababu alitarajia niifanye vizuri. Kambi hiyohiyo niliosha vyombo kwa zamu, nikamwongoza mgeni hadi bwawani kwa fimbo yangu, nikagombana na mtu juu ya kitanda cha dirishani (dirisha la nini sijui, ila tuligombana kweli). Hakuna aliyenipongeza kwa kufika bwawani.

Kwa hiyo mimi kambi naipima kwa swali moja: je, yupo pale mtu mwenye ujuzi na ujasiri wa kukuambia umekosea? Kambi maalumu nilizopita zilikuwa naye. Za mchanganyiko zilikuwa na makofi.

Na tusisahau maandishi ya nukta nundu yalipotoka. Mwaka 1821 Charles Barbier alipeleka mfumo wake wa nukta 12 katika shule ya watoto wasioona Paris. Mwanafunzi mmoja pale, Louis Braille, akaupunguza hadi nukta sita ambazo ncha ya kidole inazimeza kwa mguso mmoja, na kitabu chake cha 1829 kilikuwa na njia ya kuandika muziki pia. Wenzake wa bwenini ndio waliokuwa wakiujaribu na kuupitisha kutoka mkono hadi mkono. Kila mmoja wao angebaki peke yake kijijini kwao katikati ya wanaoona, mfumo huo angemjaribia nani?

Nawasilisha.

Mpinga utengano:

Mkuu, simulizi yako tamu, lakini mimi naona inakugeuka. Kambi yako ya kwanza ilikuwa mbovu. Kambi mbovu hurekebishwa. Wewe unataka tumhamishe mtoto na ubovu tuuache ulipo, umsubiri mwingine.

Habari ya Braille umeikata katikati. Wakuu wa shule hiyohiyo unayoisifu waliupiga vita mfumo wake, wanafunzi wakawa wanautumia kwa kificho, na shule ikaukubali rasmi 1854 wakati mwenyewe alishafariki miaka miwili nyuma. Kukusanywa mahali pamoja si kinga. Aliyeshika funguo ndiye mwenye neno.

Nikupe mfano mwingine. Ray Charles alijifunza kusoma muziki wa nukta nundu katika shule ya viziwi na wasioona huko St. Augustine, Florida. Wapenzi wa kambi maalumu humtaja sana. Hawataji kwamba shule ile iliwagawa wanafunzi weusi na weupe. Watoto wasioona, wametengwa kwa rangi! Ukishazoea kugawa watu huachi, unatafuta tu mstari mwingine wa kugawia.

Sanaa ya pamoja inawezekana. London, mwaka 1991, Celeste Dandeker, mcheza dansi aliyeumia uti wa mgongo akiwa jukwaani, alianzisha na Adam Benjamin kundi la Candoco, wenye ulemavu na wasio nao wakicheza pamoja kama wasanii wa kulipwa. Hakuna aliyepewa kuwa mti.

Mzazi wa wawili:

Habarini. Mimi sina nadharia, nina watoto wawili. Mkubwa hana ulemavu. Mdogo ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu, na anapenda kuchora kuliko kula. Ninachotaka ni wapande basi moja.

Kambi ya kawaida niliyoomba ilinijibu kwamba mdogo anakaribishwa "iwapo mama atakuja naye". Yaani likizo yake niende nayo mimi. Nikajaribu kambi maalumu. Wakasema wao ni wa wasioona, hawana mtu wa kumwinua mtoto kitandani wala choo cha kuingiza kiti. Sasa nyie mnaobishana kama kambi maalumu zibaki au zife, mjue kuna watoto ambao hata huko maalumu hawamo. Kaka mleta mada, hilo umeliruka.

Msomaji kiziwi:

Mama hapo juu ana haki, lakini kwetu viziwi mezani kuna kitu kingine, nacho ni lugha. Kambi ya mchanganyiko ikijitahidi sana inaleta mkalimani mmoja. Nikitazama mikono ya mkalimani sioni jukwaa, na nikitazama jukwaa sijui kinachosemwa. Jioni mkalimani anakwenda kulala, na kambi yenyewe huwa inaanza hapo! Vichekesho, siri, ugomvi wa kitanda cha dirishani, vyote vinanipita.

Kambi ya viziwi taa haizimwi mapema, maana taa ikizimwa mazungumzo yamekwisha. Tunatunga mashairi ya mikono, ambayo vina vyake ni umbo la kiganja linalojirudia. Ukivunja kambi hiyo kwa jina la kuchanganyika, umevunja kijiji chenye lugha yake. Na wala si hisani tunayoomba: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unatambua lugha za alama na utamaduni wa viziwi waziwazi.

Mwalimu wa kwaya:

Naona, na nimefundisha kambi ya mchanganyiko. Mleta mada, yule anayekupigia makofi ukitoka nje ya sauti ni mimi. Si mimi hasa, lakini ni watu kama mimi. Naomba nieleze inavyotokea.

Nilipata muimbaji asiyeona, msichana wa sauti ya pili. Sikumkosoa hata mara moja. Nilijidanganya kwamba ni upole, kumbe nilikuwa sijui nimfundishe vipi, na kumsifu kulikuwa rahisi kuliko kukiri. Nota nilimpa siku ya kwanza ya mazoezi kama wengine, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Yaani sikumpa kitu.

Baadaye nikajifunza kidogo. Muziki wa nukta nundu unatumia nukta zilezile sita: nne za juu zinataja nota, mbili za chini zinataja urefu wake. Hauna mistari mitano, unakwenda mbele kama sentensi. Mpiga piano husoma kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga, kisha anabadilisha, na mwishowe lazima awe na wimbo wote kichwani. Muimbaji ana nafuu, mikono yake yote miwili iko huru. Lakini karatasi hizo lazima ziandaliwe wiki nyingi kabla. Kwa hiyo ukimkaribisha mtoto siku ya kufungua kambi, umeshamchelewesha.

Nyingine ni ishara za mkono za kiongozi wa kwaya. Nilikuwa naamini bila kumwona kiongozi huwezi kuingia kwa wakati. Kisha nikaisikiliza okestra ya Al Nour wal Amal ya Cairo, ya wanawake wasioona. Wanapiga muziki wa okestra nzima kwa kumbukumbu, mbele yao hakuna nota. Nikarudi kwenye kwaya yangu nikaanza kuvuta pumzi kwa sauti kabla ya kila kiingilio. Wanaoona nao wakawa wanaingia vizuri zaidi. Miaka yote ile kumbe nilikuwa napunga mikono tu.

Msichana mwenyewe hakurudi mwaka uliofuata. Sikumuuliza kwa nini. Nadhani najua.

Mpinga utengano:

Mwalimu, asante, ila umenipa hoja mimi. Umejifunza kwa sababu alikuja kwako. Angekwenda kambi maalumu, mpaka leo ungekuwa unapunga mikono.

Mleta mada:

Hapana mkuu, hapo nasimama. Umesikia alichosema? Yeye amejifunza, msichana ameondoka. Likizo ya mtoto mmoja imetumika kuwa shule ya mwalimu. Mimi nilishakuwa somo la namna hiyo, tena mara nyingi, na ada nililipa mimi. Mtoto aende kambini kujifunza kuimba. Walimu wafundishwe na watu wazima wasioona, walipwe kwa kazi hiyo.

Mama, hilo la choo na kumwinua mtoto sina utetezi. Ni kweli, sisi wasioona tukipata kambi yetu huwa tunasahau kwamba "maalumu" si neno moja. Nimetembea kambi ile mwaka mzima kwenye kumbukumbu zangu na sikuwahi kuhesabu ngazi zake hadi leo. Ziko saba kwenda jukwaani.

Msomaji kiziwi ametaja ibara ya 30. Ongezeni kifungu cha 5 cha ibara hiyohiyo: aya yake ya kwanza inataka watu wenye ulemavu washiriki kwa wingi iwezekanavyo kwenye michezo ya kawaida, na aya inayofuata inataka wapate nafasi ya kuandaa na kuendeleza michezo na burudani mahususi kwa ulemavu wao. Waandishi wa mkataba waliviweka vyote viwili, kimoja chini ya kingine. Na katika hicho cha pili kitenzi ni *kuandaa*, maana yake kambi iandaliwe na wenye ulemavu wenyewe.

Mpinga utengano uliposema "aliyeshika funguo ndiye mwenye neno", hapo tulikutana bila kujua. Kambi ya Enchanted Hills kule Napa, California, ilianzishwa 1950 na Rose Resnick, mwanamuziki asiyeona. Tena ilikuwapo ile Camp Jened ya jimbo la New York, kambi ya vijana wenye ulemavu iliyofunguliwa 1951. Judith Heumann, aliyepata polio utotoni, alikuwa mwanakambi pale na baadaye msimamizi. Vijana wa pale walikaa usiku wakibishana juu ya wazazi wao, mapenzi, shule zilizowakataa. Mwaka 1977 yeye na wenzake, baadhi yao wakiwa wamepita Jened, wakalikalia jengo la serikali kuu San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu hadi kanuni za kifungu cha 504, kinachokataza kuwabagua wenye ulemavu kwenye huduma zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, zikatiwa saini. Kanuni hizo zilifungua milango ya shule na hospitali *za watu wote*. Mkuu, huo mchanganyiko unaoutaka wewe ulipikwa kwenye kambi ya kutengwa.

Mpinga utengano:

Ya Jened nakubali, kwa shingo upande. Lakini swali la fedha umelikwepa tangu mwanzo. Ukipewa panga leo, unakata wapi?

Mleta mada:

Sikwepi. Nakata kambi yoyote, ya mchanganyiko au maalumu, ambayo ratiba yake haikuandikwa na mtu mwenye ulemavu hata mmoja. Kinachobaki tugawane.

Mpinga utengano:

Kambi nyingi za upande wangu zitakufa.

Mleta mada:

Na za upande wangu kadhaa. Nazijua kwa majina.

Mwalimu wa kwaya:

Yangu ingekufa.

Mzazi wa wawili:

Nimepiga simu sasa hivi kule walikoniambia niende na mtoto. Nimewauliza ratiba ya sanaa kaandika nani. Yule dada kanyamaza, kisha kasema swali hilo halijawahi kuulizwa na atamuuliza bosi. Nimemwambia pia kuhusu choo. Kasema watanipigia kesho.