Tupeane uzoefu: mlango wako wa kutokea kwenye majaribu ulikuwaje?

Mpendwa wa Nyegezi: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. 1 Wakorintho 10:13 wengi tunaijua kwa kichwa, kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea. Shuhuda nyingi kanisani zinaishia "nikaomba, likapita". Amina, lakini huo mlango ulikuwaje? Mahubiri tunayo ya kutosha. Semeni mlichofanya.

Mama Dagaa: Nanunua dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, huku kisiwani Ukerewe, nauza sokoni Kirumba, Mwanza. Mitumbwi inaingia alfajiri, wanunuzi tumesimama majini hadi magotini, kila mtu na ndoo yake. Dagaa wakiwa haba, anayepata ni yule ambaye mwenye mtumbwi anamtaka. Kuna mmoja alikuwa ananikopesha. Siku hiyo nanyoosha hela, akausukuma mkono wangu: "Acha bwana shemeji, tutamalizana jioni." Wanawake wote pale walielewa. Nikapaza sauti: "Tumalizane sasa hivi, hesabu hela yako!" Watu wakacheka, akahesabu huku amenuna. Baada ya hapo mzigo alininyima, na msidhani kesho yake Mungu alinishushia mtumbwi mwingine. Nyumbani tulikula kwa shida. Kilichonivusha ni wenzangu wawili wa jumuiya. Tuliunganisha mtaji, tunashuka majini pamoja, tunalipa papo hapo, mzigo tunagawana mchangani. Mwanaume haanzi maneno yale mbele ya wanawake watatu.

Baharia wa Giza: Kwetu wavuvi wa dagaa shetani anafuata mwezi. Wakati wa giza tunakesha ziwani na taa, ukirudi hata nguvu ya kutenda dhambi huna. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa vizuri, mitumbwi inavutwa nchi kavu, tajiri anatoa mgao. Hapo sasa! Vijana wana hela, kazi hakuna, na baa ya kisiwani inafungulia muziki tangu asubuhi. Mimi naomba changu mapema wenzangu wakiwa bado wamelala, namtumia mke kwa simu nikiwa nimesimama palepale kwa tajiri, nabaki na nauli ya boti. Wananiita mchungaji kwa kejeli. Waniite.

Dada Ilemela: Huyo Baharia ni Yusufu wa Mwanzo 39 kabisa, aliyemkimbia mke wa Potifa akamwachia vazi. Acha vazi, okoa roho 😂

Rula ya Sangara: Tatizo si kila jaribu linakimbilika. Mimi napima samaki mwaloni. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na hakuna siku inayopita bila mtu kunishikisha noti iliyokunjwa. Nikimbilie wapi na ndiyo kazi yangu? Yesu kule jangwani hakukimbia, mara zote tatu alijibu "imeandikwa". Na mimi nina jibu langu: namlaza samaki kwenye rula, namwambia mwenye mali asome mwenyewe kwa sauti. Akishasema "arobaini na nne" kwa mdomo wake, noti inarudi mfukoni yenyewe.

Boda Igoma: Nyie mna dagaa na sangara, mimi nina mikeka, hizi kamari za kubashiri mechi. Iko kwenye simu, na simu hiyohiyo ndiyo inaniletea abiria. Nikiizima nakosa kazi. Mlango uko wapi hapo?

Mpendwa wa Nyegezi: Mdogo wangu, soma 2 Timotheo 2:22 mpaka mwisho. Wengi wanaishia kwenye "zikimbie tamaa za ujanani", kumbe mbele anasema ufuate haki "pamoja na wale wamwitao Bwana". Umemwambia nani kabla ya leo?

Boda Igoma: Hakuna. Mtaani watanicheka.

Mama Dagaa: Mwanangu, hela ya siku analaza nani?

Boda Igoma: Mimi mwenyewe, kwenye simu.

Mama Dagaa: Haya. Jumatano nashusha magunia Kirumba. Njoo unibebee, tutaongea. Na usije umechelewa, jua likipanda bei inashuka.