Viatu na simu kabla ya godoro: kijana wa ushago akosolewe?

Kijana ametoka Kitui au Kakamega, amepata kibarua cha mjengo Nairobi. Pesa za kwanza zinaishia kwa raba na simu ya mkopo, naye bado analala kwenye mkeka. Ni kujionyesha, au ndivyo mji unavyoingiwa?

Mzee wa Ploti: Kujionyesha tu. Pigeni hesabu ya hiyo simu. Tuseme amana ni 3,000, halafu 60 kila siku kwa siku 365. Jumla 24,900. Ikiwa taslimu ni 14,000, amelipa 10,900 zaidi, na hapo godoro la futi tatu kwa sita lingepatikana na chenji ikabaki. Tena mjengo haulipi siku ya mvua. Akikosa malipo, skrini inafungwa, na foremani anamtafuta kwa hiyo hiyo simu.

Dada wa Belo: Kwa simu sikupingi. Kwa viatu umepotea. Anayeomba kazi ya ulinzi au hotelini hutazamwa miguu kabla ya kuulizwa jina. Kosa ni wakati wa kununua. Gikomba, soko la mitumba, belo (marobota ya mitumba) hufunguliwa alfajiri, na wauza rejareja huchagua kamera, yaani vile bora kabisa, hapo hapo. Kinachobaki hushuka bei hadi kuwa fagia, yaani masalio ya mwisho. Kijana anafika saa tano, anauziwa kilichokataliwa na wote, kimeoshwa na kupakwa rangi nyeupe ukingoni.

Usidanganywe na rangi. Bonyeza ile povu ya soli kwa kidole gumba, kisha kunja kiatu upande wa vidole. Ikitoa nyufa au unga, rudisha. Povu ya aina ile huliwa na unyevu hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, na ikianza kumeguka hakuna gundi itakayoishika. Soli iliyobanduka tu ni jambo jingine: fundi anaizungushia uzi, inaendelea.

Mkamba Mpole: Mnaulaumu mji bure. Huku plotini nani anamjua? Anayezikagua hizo raba ni ukoo, Desemba, akishuka kwenye basi. Asipokuwa nazo watasema Nairobi imemshinda, na mazungumzo ya mahari yanapoa. Ndiyo maana mtu huyo huyo anapima mafuta ya shilingi ishirini na sukari robo: anajinyima mahali ambapo hakuna wa nyumbani anayemwona. Mkeka hauonekani ushago.

Mzee wa Ploti: Mgongo unaouma unaonekana mjengoni. Anunue simu iliyotumika, taslimu. Abonyeze *#06# aone IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ailinganishe na ya kwenye boksi na risiti, aifute yote mbele ya muuzaji aone kama itadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza.

Mkamba Mpole: Wa kando ya barabara hana boksi wala risiti.

Mzee wa Ploti: Basi asinunue kwake.