Kozi inaisha Ijumaa, nawaagaje watu ambao hatujawahi kuonana?

BintiWaTanga
Wakuu, habari zenu. Nasoma kozi ya utunzaji wa hesabu za biashara ndogo kwa njia ya mtandao. Wenzangu wako Dar, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi, na dada mmoja yuko Muscat. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini hawa ni watu wangu kabisa. Kuna kaka wa Lubumbashi, mtu akikwama kwenye mizania anamrekodia sauti usiku huohuo, wanapitia leja mstari kwa mstari mpaka pande mbili zilingane, na kwa nyuma unasikia jenereta inanguruma. Dada wa Mombasa alifiwa na mama yake katikati ya kozi, tukachanga.

Sasa msimamizi ametangaza kwamba kundi letu la WhatsApp litafungwa Ijumaa. Watu wameanza kubandika "asanteni, kwaherini" na vialama vya mikono, basi. Mimi sitaki tuachane hivyo, ila nikiandika marefu naogopa nitaonekana najipendekeza. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

MzeeWaKibaha
Mwanangu, andika. Ila usiandike waraka mmoja wa watu wote. Huyo kaka wa Lubumbashi mfuate pembeni, mwambie ni usiku gani alikufaa na ulikuwa umekwama wapi. Mtu akitajiwa alichokifanya anajua kweli umemwona. Wa Mombasa usimkumbushe msiba mbele ya kundi zima, mpigie.

Kadogo_Buja
Naongezea hapo kwa mzee. Omba ruhusa kwanza. Namba zetu zinaonekana kwenye kundi kwa sababu ya masomo, si kila mtu anataka kupigiwa kozi ikiisha. Wengine wana wenzi wao nyumbani, simu ya usiku inaleta maneno. Uliza tu: "Naweza kuendelea kukusalimia?" Akinyamaza, muache kwa heri.

MwalimuKahama
Mimi hufundisha mtandaoni. Mwombeni msimamizi asiwaondoe watu, abadilishe tu mpangilio ili wasimamizi pekee ndio waandike. Hapo zile sauti za leja mtaendelea kuzisikiliza. Hata hivyo, zenye faida kwako zihifadhi leo, usingoje Ijumaa.

Na mwalimu wenu msimsahau. Msihangaike na zawadi, kutuma hela kuvuka mipaka makato yake yanaumiza. Kila mmoja amwandikie somo gani limebadilisha daftari lake la dukani. Mimi ujumbe wa namna hiyo sifuti.

NipoMuscat
Dada, fanyeni kikao cha sauti, hata cha kusalimiana tu. Zoom ya bure inakata dakika 40, kwa hiyo hotuba ziachwe, kila mtu aseme yuko wapi na anakwenda kufanya nini. Saa zipangeni vizuri: saa 2 usiku ya Dar na Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi ni saa 1, huku kwetu ni saa 3. Tena andika 20:00, 19:00 na 21:00, maana si wote wanahesabu saa kama Waswahili wa pwani. Nimeshaona watu wakikosa kikao kwa hilo.

BintiWaTanga
Mungu awabariki. Alhamisi saa 2 usiku, nimeshawaambia na wengi wamekubali. Kaka wa Lubumbashi nimemwandikia pembeni, amejibu kwa sauti ndefu, nimelia.

Limebaki moja. Kuna mwenzetu wa Bujumbura aliacha kozi katikati, ada ilimshinda. Kwenye kundi bado yupo ila haandiki. Nikimwalika si nitamtonesha kidonda?

Kadogo_Buja
Mwalike, dada. Usimtajie cheti wala ada. Mwambie tu wenzako tunaagana Alhamisi na tunataka kusikia sauti yako. Bando likimsumbua, mwombe arekodi sauti mapema, muicheze kikaoni.

MzeeWaKibaha
Na apewe nafasi ya kwanza kusema, kabla dakika hazijakatika.