Kijana kasimamishwa siku tano kwa kupigana, na karatasi nimeshaitia sahihi

Mama wa darasa la kumi, Jumanne usiku

Ndugu zangu, poleni na kazi. Nimechoka, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka huku na huko.

Jana saa tano asubuhi shule ya mwanangu, hapa Marekani, ilinipigia simu kazini. Ghalani kwetu simu tunaziacha kwenye makabati, basi wakapitia kwa msimamizi, naye akaja kunitoa kwenye mstari watu wote wakiangalia. Pale pale nikajua mtoto amekufa. Kumbe kapigana.

Anavyosimulia yeye, walikuwa kwenye ukumbi wa chakula, kijana mmoja akamvuta kofia ya sweta kwa nyuma, mara ya tatu wiki hiyo, naye akageuka na ngumi. Haikufika dakika, watoto wote wameshainua simu wanarekodi. Nilipofika ofisini, bado nimevaa kizibao cha kazi, nilimkuta na barafu shavuni, mlinzi mlangoni, makamu mkuu wa shule mezani. Mkalimani hakuna. Makamu akaongea kwa muda mrefu, mwanangu akanigeukia: "Mama, anasema siku tano. Tia sahihi hapa kwamba umepewa barua." Kulikuwa na kijikaratasi cha njano kimebandikwa, kina mshale. Nikatia sahihi penye mshale. Nikasema asante, tena mara mbili.

Usiku binti yangu mkubwa akaisoma barua. Imeandikwa kwamba mwanafunzi amekiri kuwa ndiye aliyeanzisha. Nikamwita mwenyewe. Akasema, "Mama, hilo neno mimi sikulijua." Sijui nimwamini au nisimwamini.

Je, sahihi inaweza kutenguliwa? Na hii rekodi itamfuata mpaka chuo? Na lingine linanikosesha usingizi: mwaka jana alipokuwa anaonewa, ni mimi niliyemwambia usikubali kuonewa, ukipigwa na wewe piga.

Mzee wa zamu ya usiku, Jumatano alfajiri

Pole binti yangu. Lakini tusiwe watu wa kuwatetea watoto kama mawakili. Shule imesema amepigana, basi amepigana. Sisi ukirudi nyumbani na barua ya mwalimu, baba alikuongezea zako hata viatu hujavua. Wa kwangu alipigana mwaka jana, nikawaambia pale pale ofisini: mfanyieni mnavyoona. Wakampa siku kumi. Hajarudia.

Mkalimani wa shuleni, Jumatano mchana

Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kidogo, kwa heshima zote. Nafanya kazi ya ukalimani mashuleni (si shule ya huyu mama), na hayo maneno yako, "mfanyieni mnavyoona", nimeyatafsiri mara nyingi mno. Mzazi anamaanisha: nawaheshimu, nyinyi ndio walimu. Anayeyapokea upande wa pili wa meza anaelewa: mzazi hana pingamizi. Na ndivyo anavyoandika. Heshima yetu ikishavuka ile meza inageuka kuwa kukubali kosa.

Hata fimbo unayoikumbuka, usidhani Marekani haiijui. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya hapa ilikataa kuihesabu fimbo ya shuleni kuwa adhabu ya kikatili iliyokatazwa na katiba, na yapo majimbo, hasa ya kusini, ambayo bado yanairuhusu. Kwa hiyo suala si kwamba wao ni wapole na sisi ni wakali. Suala ni kwamba hapa kila adhabu ina utaratibu wake, na utaratibu usipoudai hakuna atakayekukumbusha.

Dada, sasa nije kwako. Mwaka 1971 huko Columbus, Ohio, kulitokea vurugu kwenye ukumbi wa chakula wa shule moja ya sekondari, mali ikaharibiwa. Kijana mmoja, Dwight Lopez, alisimamishwa pamoja na wenzake wasiopungua 75 siku hiyo hiyo. Yeye alisema hakushiriki, alikuwa mtazamaji tu. Hakuna aliyemuuliza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, na mwaka 1975, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba shule ya umma haiwezi kumsimamisha mtoto, hata kwa siku chache, bila kumwambia anatuhumiwa kwa lipi, na akikana, bila kumweleza wana ushahidi gani na kumpa nafasi ya kusema upande wake. Ikiwa ni hatari kumwacha pale anaweza kuondolewa kwanza, lakini asikilizwe mapema iwezekanavyo. Kwa adhabu isiyozidi siku 10, hayo yanaweza kuwa mazungumzo ya dakika chache tu ofisini. Wakili si lazima, mashahidi si lazima. Ni kidogo, nakubali. Lakini hicho kidogo ni chako, na juzi hukukipata, kwa sababu mtuhumiwa ndiye aliyekuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Hapo ndipo pa kushika. Usianze kubishana nani alianza. Andika barua pepe leo, fupi, na kama Kiingereza kinakusumbua iandike kwa Kiswahili, waitafute wao njia ya kuisoma. Sema: nilitia sahihi karatasi nisiyoielewa, mtoto ndiye aliyetafsiri, sikubaliani na neno kwamba amekiri, naomba kikao kingine chenye mkalimani kabla adhabu haijaisha, na jibu nipewe kwa maandishi. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi wa asili ya taifa, na ndiyo tunayoishika tunapodai mkalimani. Si lazima aje kwa miguu, wa kwenye simu anatosha. Binti yako mkubwa pia asitumike. Anampenda kaka yake, atapunguza makali.

Rekodi: sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inakupa haki ya kuona faili la mtoto, na shule ina siku zisizozidi 45 kukuonyesha. Ukikuta jambo lisilo kweli unaweza kuomba lisahihishwe. Wakikataa, una haki ya kusikilizwa kwenye kikao, na wakikataa tena, ya kuwekewa maelezo yako ndani ya faili. Omba pia kuona picha za kamera ya ukumbini kama wanazo. Kama itamfuata chuo, inategemea jimbo na chuo chenyewe, vingine vinauliza na vingine haviulizi. Siku tano za darasa la kumi hazijamfungia mtu maisha. Kinachomfunga ni la pili na la tatu likija juu ya hili lililoandikwa "amekiri".

Wenye watoto wenye mpango maalumu wa masomo, ule wanaouita IEP: akisimamishwa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo, lazima kwanza mkae kikao cha kuangalia kama kosa limetokana na ulemavu wake. Kikao hicho kiwe ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi. Kwenye silaha, dawa za kulevya au majeraha mabaya shule inaruhusiwa kumhamisha kwa muda hata hivyo, lakini kikao kinabaki pale pale.

Sasa polisi, maana shule nyingi zina askari wake na ugomvi wa korido siku hizi unaweza kuishia na karatasi ya mahakama. Mfundisheni mtoto, kabla halijatokea, kwamba akiitwa kwenye chumba kuna askari, aseme kwa adabu: "Namtaka mzazi wangu na wakili," kisha anyamaze. Kwa mwalimu ajieleze, kwa askari asubiri. Najua kwetu kumnyamazia mkubwa ni ufedhuli. Hapa ni haki ya mtoto pia, tangu 1967.

Na hapa niwaguse wale mliopitia kambi za wakimbizi. Nusu yetu tarehe za kuzaliwa ni 1 Januari, kwa sababu aliyejaza fomu hakuwa na muda wa kuuliza mvua zilikuwa za masika au za vuli. Kijana wako anaweza kuwa na miaka 17 kamili nyumbani, na 18 kwenye karatasi. Akipigana akiwa na 18 ya karatasi, kesi inaweza kwenda mahakama ya watu wazima. Mambo ya mahakama ya watoto kwa kawaida hayahesabiwi kuwa hatia kwa upande wa uhamiaji, ya watu wazima yanaweza kuhesabiwa. Usikubali kosa lolote mahakamani kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, hata kama wa kesi anasema ni jambo dogo. Halafu akifikisha hiyo 18, haki za faili la shule zinahamia kwake. Ofisi ikikwambia haiwezi kuongea nawe, si dharau.

La "ukipigwa piga": nimewasikia wazazi wengi wakilisema, wa mataifa yote. Shule nyingi zinawaadhibu wote wawili, hata aliyejitetea, na hata zinazokubali kujitetea zinaangalia ulipiga ngapi na mwenzako alikuwa bado anakupiga au ameshaacha. Mtoto akivutwa kofia mara ya kwanza, ile barua pepe yako ya siku hiyo yenye tarehe ndiyo ngumi. Mara tatu wiki moja, na hakuna mtu mzima aliyeandikiwa, basi kwenye faili mara zile mbili hazikutokea.

Mzee, sisemi mtoto asiadhibiwe. Ila takwimu za wizara yao wenyewe za mwaka wa masomo 2017-18 zilionyesha wanafunzi weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote, lakini asilimia 38 ya waliosimamishwa na kurudishwa nyumbani. Katikati ya hizo namba mbili kuna watoto wetu, na kuna wazazi waliosema asante.

Baba Mapacha, Jumatano jioni

Naongeza moja tu. Wa kwangu mmoja hakupigana kabisa, alirekodi na kutuma. Akapata siku tatu. Kitabu cha kanuni cha shule yao kinasema kurekodi ugomvi ni kosa, na mimi kile kitabu nilikitia sahihi mwezi Agosti bila kukifungua, kama nyinyi wote. Kakisomeni. Cha kwetu kina kurasa 60 na kitu, lakini sehemu ya ugomvi ni mbili.

Na ulizeni masomo ya siku za adhabu. Wa kwangu alipewa sifuri za mitihani miwili mpaka nilipokwenda kuuliza. Mwalimu wa hesabu alikuwa hajaambiwa hata kwamba mtoto kasimamishwa, alidhani mtoro.

Mzee wa zamu ya usiku, Jumatano usiku

Zile siku kumi nilizikubali mimi, si yeye. Sikumuuliza kilichotokea, nilimuuliza tu kama amepigana. Mkalimani, hiyo barua ya kuomba faili inaandikwa kwa mkuu wa shule au kwa ofisi ya wilaya?

Mkalimani wa shuleni, Alhamisi asubuhi

Kwa mkuu wa shule, mzee, nakala kwa wilaya. Nitakutumia mfano pembeni.

Mama wa darasa la kumi, Alhamisi usiku

Mungu awabariki. Barua niliituma Jumatano saa nane mchana kwa Kiswahili kama mlivyosema. Saa kumi wakapiga simu, na safari hii kwenye laini kulikuwa na mwanamke, lafudhi ya pwani, sauti ya upole hadi nikataka kulia.

Kikao kilikuwa leo asubuhi. Makamu hakuwa mtu mbaya. Alisema alimuuliza mwanangu, "Ulimpiga?" naye akajibu ndiyo, basi yeye akaandika amekiri. Tukamuuliza kama alimuuliza nani alianza. Akafungua daftari lake, akatazama, akalifunga.

Kisha wakanionyesha picha za kamera, nyuso za watoto wengine zimefifishwa. Kofia kweli inavutwa. Mwanangu anageuka, anapiga, yule anaanguka. Halafu wangu anampiga tena mara mbili, mwenzake akiwa chini. Hilo hakuniambia. Niliomba warudie, nikaangalia mara tatu, na yule mwanamke wa kwenye simu akanyamaza tu, hakukuwa na cha kutafsiri.

Wameondoa "amekiri kuanzisha", wameandika "alishiriki". Siku tano zimekuwa tatu, na leo ndiyo ya tatu. Wamekubali kuandika pia kwamba kuvutwa kofia kulikuwa kumeanza siku za nyuma. Mtihani wa biolojia atarudia Jumatatu. Ndani ya gari sikumgombeza. Nilimuuliza tu kwa nini zile mbili za mwisho. Tulipofika nyumbani bado alikuwa anatafuta jibu, sikumsaidia.

Mama wa yule mwingine tulikutana kwenye benchi nje ya ofisi. Hajui Kiswahili, mimi lugha yake siijui, na Kiingereza chetu sote ni kile cha dukani. Akagusa taya lake kunionyesha mwanawe alipoumia. Nikavuta kofia ya koti langu kwa nyuma kumwonyesha. Akafumba macho, akatikisa kichwa. Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Alikuwa ameshika barua yake mkononi, yenye mshale wa njano, na sikuwa na namna ya kumwambia asubiri kwanza. Nilichoweza ni kurudi kwa karani wa mapokezi nikamwomba, kwa hicho Kiingereza changu, "Please, call interpreter for her." Alipiga.

Bado nina swali moja. Kocha amemwambia hachezi mpira mpaka msimu uishe. Kwenye barua mpya hilo halimo. Je, kocha anaweza kuadhibu peke yake, au nalo niombe kwa maandishi?