Mrejesho: kemia ya mtandaoni na mtihani wa moko (wa majaribio kabla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya)

Hamjambo wote. Niliwauliza nifanyeje na kemia, hasa karatasi ya tatu, ile ya vitendo vya maabara, maana huku Kayole, Nairobi, sina mwalimu wa ziada. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kusimamisha video za masomo mtandaoni na kujaribu swali mwenyewe kabla mwalimu hajalijibu. Inachosha, lakini inaingia. Kilichoniokoa ni utambuzi wa ioni (kujua ni chembe gani zenye chaji zilizomo kwenye mmumunyo): zinki na alumini zote hutoa mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitenga) kwa hidroksidi ya sodiamu, na yote huyeyuka ukiizidisha. Tumia amonia sasa: ya zinki huyeyuka ukizidisha, ya alumini hubaki. Swali hilo lilikuja! Nimetoka D+ hadi C+.

Titresheni, yaani kupima ujazo wa asidi na besi zinazomalizana, ndiyo iliyonitesa. Kuona bureti (mrija wenye vipimo na koki) kwenye simu si kuishika. Vipimo vyangu vilipishana zaidi ya sentimita mchemraba 0.2, alama zikaenda. Aliyesema niombe maabara Jumamosi alikuwa na hoja, na mwalimu wetu amekubali tuingie wanne wanne.

Fizikia bado, mawimbi hasa. Dada uliyenitumia maswali ya KCSE ya miaka iliyopita, Mungu akubariki.